Subiri Uambiwe Karibu

Zuhura,

Barua huanza kwa salamu, na ya mama kwa mwanawe anayesafiri huanza kwa dua. Hii haina. Salamu ni watu wawili, mmoja anatoa na mwenzake anapokea, na sie humu ndani tumekuwa tukipishana ukumbini kama wapangaji waliogombania bomba la maji. Shikamoo yako ya mwisho uliitoa umegeukia ukuta. Sikuiitikia. Makosa yangu katika mambo haya nitayataja, lakini usianze kufurahi mapema.

Sikuandikii habari za chandarua, wala kuchemsha maji ya ziwa, wala kufunga nauli kwenye pindo la kanga. Una akili zako, na tangu upate barua ya kazi ya kile kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza, akili hizo zimezidi hata mahitaji. Nakuandikia habari ya fungua, ile amri ya kompyuta. Nitaanza mwanzo ingawa unaijua, kwa sababu namna ulivyoijua ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nilipopunguzwa kazi kule shirika la umma, wakati kila mtu anaambiwa afungue kampuni yake, nilikuja Kurasini kwa hawa watu wa kutoa mizigo bandarini. Walikuwa na kompyuta moja kubwa na skrini tatu: ya makarani wa forodha ofisini, ya yadi ya makontena, na ya getini. Kila skrini na programu yake, na hakuna programu iliyojua mwenzake anafanya nini. Karani akitaka kontena lizuiwe, anamtuma mtu akimbie getini na kikaratasi. Lori likiwa na mbio kuliko yule mtu, ndo basi tena.

Mie ndo niliyeandika, kwa lugha ya C, ile njia ya katikati ambayo programu zote zinapitishia maneno yao. Nikaiita baraza, kwa ajili ya baraza ya nyumba ya bibi yako Mtoni. Habari zote za mtaa zilipita pale, na hakuna aliyekaa pale bila kusalimia kwanza. Programu ikija inaita fungua. Baraza inaipokea, inaipa jina, inairudishia namba. Namba ikiwa sifuri au zaidi, umepokelewa, sema shida yako. Ikiwa chini ya sifuri, hukupokelewa, na namba yenyewe inakwambia sababu: baraza haijaamka, jina lako lina mtu, huna ruhusa. Ni hodi na karibu tu. Mtoto yeyote wa Mbagala analielewa hilo hata kama hajawahi kuiona kompyuta.

Na wewe ulielewa. Ulipomaliza kidato cha sita nikakuchukua ofisini, nikakukalisha kwenye kiti changu, bosi akakukubali kwa ajili ya heshima yangu. Haukupita mwaka ukawa unaandika haraka kuliko mie. Nilikuwaga nakusifia mbele za watu, nasema huyu akikaa asubuhi, jioni programu inatembea. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilisifia mbio zako. Sikumbuki hata siku moja niliyokusifia kwa kusubiri.

Programu ya makarani uliiandika wewe. Nikukumbushe mistari yako:

fungua(&baraza);
tuma(baraza, "ZUIA", kontena);

Umebisha hodi, na hapohapo umeanza kuongea. Ile namba iliyorudi hukuipokea, umeiacha idondoke chini. Nilisimama nyuma yako siku ile nikakuuliza, "Na isipofunguka?" Ukanijibu huku unatafuna karanga, "Mama, baraza yako ipo siku zote. Haijawahi kumkataa mtu." Nikacheka. Nilipenda ulivyosema baraza yako. Mtu mzima hovyo, nikapumbazwa na sifa ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Ukaja mgao. Umeme unakatika asubuhi, unarudi unapojisikia. Siku ile uliporudi, kompyuta ikaamka, na programu yako ikaamka kabla ya baraza. Ikabisha, haikupokelewa, ikaendelea kuongea na ukuta. Karani akaandika lile kontena la matairi lizuiwe, kwa sababu karatasi za mwenye mzigo zilikuwa na walakini. Skrini ikamwandikia IMETUMWA, maana ndivyo ulivyoiamuru, iandike IMETUMWA iwe mvua iwe jua. Imetumwa kwa nani, Zuhura?

Getini alikuwepo mjomba wako Shomari, kaka yangu wa tumbo moja. Lori likaja, akatazama skrini yake kama anavyoitazama kwa kila lori, hakuona zuio, akanyanyua mti wa geti. Jioni polisi wakamfuata. Wakasema amekula. Mtu ambaye hata soda ya madereva alikuwa anaikataa, eti amekula. Akalala mahabusu, akatoka bila mkanda na bila kazi, na watoto wa Mtoni wakampa jina, wanamwita Matairi. Akipita kwenda msikitini wanamwita hivyo, na yeye anawaitikia, kwa sababu hajui kugombana na watoto.

Wewe asubuhi iliyofuata ulikuwa umeshajua. Ukaifungua programu yako, ukaongeza if moja, yaani sharti: namba ikiwa chini ya sifuri, ngoja, bisha tena, na usiandike IMETUMWA mpaka upokelewe. Kazi safi. Nimeisoma, haina hata kosa moja. Ukaifunga ukaenda kunywa chai.

Uliniambia mwenyewe, hilo sikunyimi. Tulikuwa uani tunachambua mchele. Ukasema, "Mama, ile ishu ya matairi ilikuwa programu yangu. Lakini nimesharekebisha." Ulivyoisema, utadhani unaniambia chumvi imekwisha.

Nikakuuliza, "Bosi umemwambia?"

"Barua ya Mwanza imeshatoka, mama. Nikisema sasa hivi si wataniharibia? Na mjomba mwenyewe alishasema geti limemchosha."

Alishasema. Kila mtu anayeamka alfajiri kwenda kusimama juani husema kazi imemchosha. Hajasema anataka kuitwa mwizi.

Nikanyamaza. Nilikuwa na hasira, nikajiambia ngoja nimpe nafasi, ataona haya mwenyewe, atakwenda. Nikawa nakutazama. Wewe unakunja nguo, unaimba, unamuuliza fundi kama gauni la zambarau litakuwa tayari. Halafu siku moja nikakusikia dirishani unamwambia shoga yako, "Mama hana neno. Angekuwa na neno angeshasema, si unamjua."

Nilikaa kitako pale jikoni na mwiko mkononi. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Programu ya geti niliiandika mie. Niliiandika hivi: zuio lisipofika, geti lifunguliwe. Yaani geti likisikia kimya, lihesabu kimya kuwa ruhusa. Ningeiandika kinyume, geti likae limefungwa mpaka litamkiwe neno pita, yale matairi yasingetoka hata kama programu yako ingeongea na ukuta mpaka Idi. Lakini bosi hakutaka foleni ya malori, nami nikampa alichokitaka. Programu hiyo nimeshaibadilisha. Umebaki wewe, kwa sababu nimegundua nimekulea kwa sheria ileile. Mama akisema, basi. Mama akinyamaza, ruksa. Sasa nakwambia kwa maandishi ili usiseme hukusikia: kimya changu hakikuwa ruhusa. Nilikuwa nakuchukia. Neno nimelitazama sana kabla ya kuliandika, na silifuti.

Watu wanapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huo msemo hauwezi kukuficha, we mtoto. Nilikufunza. Ulijua hodi kabla hujajua kufunga kiatu.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nikwambie na hili, maana bila hili hutaelewa kwa nini Shomari ndiye asiyestahili kabisa kufanyiwa ulilomfanyia.

Baraza ilipokuwa changa, kila programu haikuwa na njia yake. Kulikuwa na njia moja iliyokwisha kufunguliwa, zote zinaitumia. Mie nikaandika programu ndogo ya kuchapa ripoti, na ikimaliza kuchapa inafunga njia. Niliona ni usafi, ukimaliza kazi unafunga mlango. Kumbe nilikuwa nafunga njia ya wote. Ripoti ikitoka tu, geti linakuwa bubu na yadi inakuwa bubu, na mie nazunguka yadi nzima nalaumu waya na panya. Nilihangaika sana mpaka nikaelewa. Njia ya pamoja huifungi. Unajitoa wewe, wenzako unawaachia.

Na baba yako nilifanya vilevile, miaka mingi kabla ya hiyo kompyuta. Alipooa mke wa pili akahamia Kigamboni, nilikuwa na haki ya kutosema naye. Haki hiyo ninayo mpaka leo na sina mpango wa kuirudisha. Lakini sikujitoa tu, nilifunga. Nilikukataza wewe, ambaye hata shule ulikuwa hujaanza, usimtaje ndani ya nyumba yangu. Aliyeifungua ile njia ni Shomari. Kila Idi alikuja kukuchukua, eti anakupeleka kutembea, akakuvusha kwa kivuko cha Magogoni, ukashinda kwa baba yako, jioni ukarudi na mdomo mwekundu wa ubuyu na uongo ambao hata kuupanga ulikuwa hujui. Nilijua. Nilimtukana kaka yangu matusi ambayo hayaandikiki. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akasema, "Haya dada," akaondoka. Idi iliyofuata akaja tena, akabisha hodi kama vile hakuna lililotokea. Nami nikamwitikia karibu, kwa sababu mtu akibisha vile unamfanyaje.

Unaye baba leo kwa sababu mtu mmoja alikubali kutukanwa. Na mtu huyohuyo ndo umemwacha aitwe Matairi, wewe upate kwenda kuandikia watu wa samaki programu.

Sasa nikwambie nilichofanya leo, usije ukakisikia kwa wengine.

Mchana nimekwenda kwa bosi. Nikafunga mlango, nikamwambia kontena lile liliachiwa na mashine, si na Shomari. Akaniuliza, "Programu ya nani?" Zuhura, majibu nilikuwa nayo. Ningesema yangu, na isingekuwa uongo mtupu. Ulimi ulikuwa umeshaanza kwenda huko. Nikaurudisha. Nikasema, "Ya makarani ni ya mwanangu. Ya geti ni yangu."

Akasema, "Bi Mwajuma, unajua kwamba wale wa Mwanza ni watu wangu? Mie ndiye niliyewapa jina lake."

Nikamwambia najua.

"Na bado umekuja kuniambia."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kaka yangu. Akachukua simu, akaiweka tena, akaniambia nikaendelee na kazi. Kama amewapigia baada ya mie kutoka au hakuwapigia, sijui, na sikuuliza. Huenda ukashuka Mwanza ukakuta kiti kina mtu. Hiyo ni yako. Ukipewa namba iliyo chini ya sifuri, isome, usijitie huioni. Lia kama unataka kulia, halafu tafuta kazi nyingine, watu wanafanya hivyo kila siku.

Bosi amesema Shomari arudi getini Jumatatu. Nilipita kwake kumpa habari, nikidhani atafurahi. Nilimkuta ukumbini anatengeneza redio yake, mkewe Bi Zena kakaa mlangoni anasuka ukili wa mkeka. Nikaeleza yote. Bi Zena akamshukuru Mungu. Shomari kazi hakuitaja. Akauliza, "Zuhura alijua?"

Nikasema, alijua.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya pili yake."

Akaweka bisibisi chini. Bi Zena akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Shomari akamwambia anyamaze. Halafu akasema, hakunitazama mie, anaitazama ile redio, "Siku niliyotoka mahabusu alikuja hapa. Alinishika mkono. Akaniambia pole mjomba, Mungu atawaumbua."

Akainuka, akaingia chumbani, hakutoka tena mpaka nilipoaga.

Hilo la pole sikulijua. Ningelijua siku ile tunachambua mchele, ule ungo ungeishia kichwani pako. Nimetembea kutoka Mtoni mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu akae karibu nami. Nilikuwa najiuliza mkono huo uliomshika nao ni wa nani, na umejifunzia wapi. Na nimeendelea kujiuliza mpaka nimekaa kuandika, huku nakusikia chumba cha pili unafunga zipu ya begi.

Najua unachongoja. Hakuna mtoto wa kwetu anayepanda treni bila radhi ya mama yake, na wewe na ujuba wako wote umekuwa ukipitapita mlangoni kwangu tangu magharibi, unakohoa. Nakusikia. Sitoki. Usiniombe radhi mie. Ukiniomba nitakupa, kwa sababu ni mwanangu na safari ni ndefu na mama ni mjinga, halafu utaondoka umeridhika, na pale Mtoni patabaki vilevile.

Kwa hiyo kesho ukiamka hunikuti. Usiwaulize majirani. Barua hii nimeiweka juu ya begi, si ndani, maana nakujua. Ya ndani ungekuja kuisomea Morogoro.

Treni ni jioni. Mtoni iko njiani kwenda stesheni, hupindi hata kona moja. Utashuka na begi lako, utakwenda kubisha kwa mjomba wako. Ada yetu unaijua: hodi tatu, isipoitikiwa unaondoka bila kinyongo. Hata kwenye fungua niliiandika hivyo, inajaribu mara tatu kisha inakata tamaa. Ni ada nzuri, inamstahi mwenye nyumba. Kesho sikupi. Ungeipenda mno. Hodi, hodi, hodi, mjomba hayupo, nimetimiza wajibu, twende zetu stesheni. IMETUMWA.

Kesho akinyamaza utakaa pale nje barazani. Watu watakupita na watakuona, haohao wenye watoto wanaomwita Matairi, na wakikuuliza unangoja nini, utawaambia unangoja nini, na kwa nini, kwa mdomo wako, mpaka waache kumwita jina lile. Kisha utabisha tena. Treni ikikuacha, ikuache. Haikujengwa kwa ajili yako peke yako. Sisemi atakukaribisha. Huenda akafungua akakwambia nenda zako nisikuone. Hilo ni jibu, lipokee, nenda nalo Mwanza, utaishi nalo kama watu wanavyoishi. Ninachokukataza ni kubeba kimya chake ukakiita jibu, kama ulivyobeba changu.

Na ukitaka kwenda moja kwa moja stesheni, mlango uko wazi, hakuna atakayekushika. Umri unao. Ila ujue umejitoa wewe tu. Njia hii ya kwetu ni ya pamoja, huna uwezo wa kuifunga, na Idi ikifika utakaa huko ukijua kwamba huku inapitisha habari za kila mtu isipokuwa zako.

Mie nitakuwa kwake tangu asubuhi, jikoni kwa Bi Zena, upande wa pili wa ule ukuta. Nitakusikia ukibisha. Usitegemee niitike. Mlango si wangu, na karibu ya nyumba ile si yangu kuitoa. Nitakaa nisikilize tu, na sitakula mpaka nisikie.

Kwa hiyo usibishe kwa vidole. Bisha kwa sauti, na utaje jina lako.

Mama yako